Benchi la Mlango wa Nyuma

Mwalimu wetu wa usalama wa umati, Kipngeno, alitupa kazi moja: kila mtu achore mahali anapopajua ambapo watu hujaa, aonyeshe watatoka kupitia wapi moto ukizuka. Wenzangu walichagua uwanja na soko. Mimi nikachagua kanisa letu la mtaani Rhonda. Nimelelewa mle, nikajua kazi itakuwa mteremko.

Wapi! Kipngeno alitazama mchoro wangu akaguna.

"Nangila, hii kitu hapa nyuma ni nini?"

"Ni benchi ya marehemu baba."

"Na imekaa kwa mlango? Basi hiyo si mlango, ni ukuta iko na kitasa."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Benchi lile baba alilitengeneza mwenyewe, na Jumapili alilikalia amevaa koti lake la kahawia, ananukia sabuni ya kipande. Mtoto akilia, baba alifungua mlango, mama yake akatoka naye, na jua likatuangukia sisi wa nyuma. Jumapili zile nazitamani hadi leo.

Lakini ibada ya mavuno ilikuwa karibu, na siku hiyo watu husimama hadi kwenye madirisha. Benchi lilipaswa kuondoka. Shida ilikuwa mama yangu, Namalwa. Tangu tumzike baba, yeye hulipangusa kila Jumamosi, na hakuna mwingine anayeligusa.

Nilimkuta kanisani na kitambaa chake.

"Mama, hii benchi inafaa itoke hapa."

"Haitoki."

"Watu wakikimbia watapitia wapi?"

"Wakimbie nini? Ulienda kusoma ama kututakia mabaya?"

Hasira zikanipanda. "Baba hangeziba huu mlango hata siku moja!"

Mama aliacha kupangusa. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, si kwenye benchi.

"Ni mimi niliisukuma hapa," akasema. "Baada ya matanga. Sikutaka mtu mwingine aikalie. Yeye alikuwa anaiweka kando."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshainuka, kitambaa begani, ameshika upande mmoja wa benchi. Nikashika wa pili. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimsemesha baba alipomkuta amenyoosha miguu mlangoni pa jikoni:

"Songa kidogo, Baba Nangila. Watu wapite."