Maji ya Ghorofa ya Juu

Nasambu alikuwa akiosha sukuma wiki kwenye mfereji wa uani, huko Langas, Kigen mwenye ploti aliposhuka ngazi na ndoo tupu.

"Mama, umemeza dawa tena?"

"Nimemeza."

"Ndiyo maana huko juu ni kukavu."

Tangu mwaka uliopita, maji ya ploti ile yalipandishwa na presha ya damu ya Nasambu. Ikipanda, mabomba ya ukutani yalidunda sawa na shingo yake, na maji yakafika ghorofa ya juu. Akimeza dawa, mabomba yalitulia, maji yakaishia chini. Kigen alikuwa ameshauza pampu ya maji.

Nesi wa kliniki alimweleza Nasambu kwamba mishipa inayosukumwa kwa nguvu kila siku hukakamaa, huziba, na mwishowe hupasuka. Tayari Nasambu alikuwa hahisi vidole vya mguu wa kushoto.

"Dawa ni kila siku, mama," alisema nesi. "Si ya kuonja."

Lakini huko juu Maximilla alikuwa na mtoto mchanga, na nepi hazifuliwi kwa mate. Wapangaji wakapangiana zamu ya kushuka asubuhi kumtukana.

"Samahani, mama. Ukoo wenu ni wezi wa kuku."

"Wenu hawana hata kuku wa kuibiwa," alijibu Nasambu, na huko juu ndoo ikaanza kujaa.

Wengine walimletea dagaa wa omena waliojaa chumvi. Kigen akazichukua dawa za Nasambu, akazifungia kabatini kwake, zisipotee.

Nasambu alijaribu kuondoka mara moja, aende kwa dadake huko Turbo. Wapangaji walimfikia kabla ya stegi ya matatu, wakampokea begi, wakamshika mkono kwa upole kama bibi harusi. Maximilla akampakatisha mtoto. Mtoto alinuka maziwa yaliyochacha. Nasambu akarudi nao.

Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, bomba lilipasuka ndani ya ukuta, na mshipa ukapasuka kichwani mwa Nasambu. Waliporudi, fundi aliitwa mbio. Alibomoa ukuta, akaunga bomba, akapiga plasta. Kisha wakampeleka Nasambu hospitali. Alirudi mdomo umepinda, jicho la kushoto limefumba, mkono na mguu wa kushoto havisikii amri.

Mifereji yote ya upande wa kushoto wa ploti ilikauka. Ya kulia iliendelea vizuri.

Kigen alikuja kumjulia hali. Alivua kofia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Ufunguo wa kabati ulining'inia kiunoni mwake.

"Pole sana, mama. Mungu yupo." Akaikunja kofia kwa heshima. "Sasa, watu wa kushoto wanalalamika. Hebu jaribu kukasirika kidogo upande huo pia."

Nasambu alimtazama kwa jicho lililobaki zima. Alitaka kusema neno, ulimi ukakataa. Nyuma ya kitanda, ukuta wa kulia ukaanza kudunda, na huko juu mtu akafungulia mfereji, akashukuru.