Alama Tisini na Nne

Nyumba yetu ya wazee ilipata alama tisini na nne kati ya mia, na kwa sababu hiyo nikaambiwa nitanyang'anywa mtu anayenifundisha kutembea. Nasema mapema usije ukadhani nina kichaa cha uzee. Nina uzee tu. Kichaa nimewaachia wasomi.

Mambo yalianza na binti mmoja wa chuo kikuu, mtafiti, aliyekuja na kishikwambi kupima ubora wa maisha yetu. Binti ana adabu, sina la kumsema. Aliingia chumbani kwangu, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, usingizi unaupata?"

"Vizuri tu, mjukuu wangu."

"Chakula je?"

"Kizuri."

"Na miguu?"

"Haijambo."

Kila nikijibu anabonyeza, na kila akibonyeza anatabasamu. Jamani, mtoto wa watu katoka juani, kakuamkia kwa heshima, utamwagia magonjwa yako yote hata jasho halijamkauka? Sikulelewa hivyo. Jirani yangu, fundi viatu mstaafu, ana ngiri ya ukubwa wa papai. Alipoulizwa kuhusu maumivu akasema, "Tunamshukuru Mungu." Akaandikiwa tano kati ya tano.

Sasa miguu yenyewe. Nilivunjika nyonga mwaka juzi. Choo kiko mwisho wa korido, hatua ishirini na sita kutoka kitandani kwangu. Chuo hicho hicho kilikuwa kimetuletea mtaalamu wa viungo, tukambatiza Fundi Nyonga, na kwa Jumatatu na Alhamisi zake alikuwa amenifikisha hatua ya kumi na moja. Zilizobaki nabebwa na mhudumu, baba mzima mwenye mikono ya mpakia magunia, ambaye hupiga mluzi njia nzima. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na nane. Nimewafokea wanawake waliokuwa wakiniita kila jina baya, nikawatoa salama na watoto wao. Leo naning'inia kifuani mwa mwanamume anayepiga mluzi, napelekwa kukojoa. Duniani nilikuwa nimebakiza ombi moja: niingie chooni kwa miguu yangu, nifunge mlango mwenyewe.

Ndipo msimamizi wetu akaja mbio na habari njema. "Tumefaulu! Fundi Nyonga anahamishiwa nyumba yenye alama za chini. Nyie hamna shida."

Jumatano profesa mwenyewe, mkuu wa utafiti huo, akaja na yule binti kututangazia, ukumbi wa kulia chakula ukafagiliwa mara mbili. Profesa alionyesha michoro ya rangi ukutani, akasema sisi ni mfano wa kuigwa. Wenzangu wakapiga makofi. Wanapigia makofi ngiri zao! Nikanyoosha mkono.

"Mwanangu, mimi silali. Nyonga inaniuma hadi alfajiri. Na chooni nabebwa."

Fundi viatu akanivuta kanga. "Mama mkunga, usituaibishe mbele ya wageni."

Profesa akavua miwani. "Kwa hiyo, bibi, ulitudanganya?"

"Sikumdanganya mtu. Nilijuliwa hali, nikaitikia. Wewe ukijuliwa hali hueleza choo chako?"

Watu wakacheka. Profesa hakucheka. Akasema takwimu zimeshafungwa, na hisia za mtu mmoja haziwezi kubadili matokeo. Hapo nikapandwa na mori.

"Sawa. Nisindikize chooni, ukahesabu mwenyewe. Tuanzie kitandani kwangu."

Msimamizi alijaribu kunizuia, nikamtazama kwa jicho la wodini, akakaa. Wakanisukuma hadi chumbani kwa kiti cha magurudumu, kimoja tu cha nyumba nzima, ukumbi mzima nyuma yetu. Nikasimama. Profesa akanishika kiwiko, binti mtafiti akahesabu kwa sauti. Kumi na moja nikafika. Kumi na mbili. Kumi na tatu, jasho linanitiririka. Ya kumi na nne mguu ukagoma katikati ya korido, nikamng'ang'ania profesa, na mwili ukafanya uliyoyataka.

Mkojo ulimwagika wote kwenye viatu vyake.

Fundi viatu akainama akavichunguza. "Ngozi hiyo uikaushie kivulini," akamwambia profesa, "juani itapasuka." Kisha akajiinua, akajishika kinena. "Na mimi, kwa kuwa mko hapa, nina ngiri." Nyuma yake sauti ikasema ina jicho lisiloona, nyingine ikadai godoro. Binti akatupa kishikwambi kwenye kiti changu kilichosukumwa nyuma yetu, akapiga magoti, akafuta sakafu kwa mtandio wake huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, bibi," akasema, "sikukuuliza sawasawa."

Profesa alikuwa bado amenishika. Sitamnyima haki yake, hakuniachia.

"Utafiti utarudiwa," akasema taratibu.

"Rudieni mpendavyo. Mimi nauliza kesho."

"Kesho Fundi Nyonga atakuja."

Wakashangilia, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikaangua kilio. Walidhani ni furaha, na furaha ilikuwepo, siikatai. Lakini nililia kwa hasira. Mtu mzima kama mimi, niliyewafunika wanawake wengi wasionekane utupu wao, imebidi nijikojolee mbele ya watu ndipo niaminiwe kwamba nahitaji kufika chooni.