Mlango wa Bafu la Mama Mkwe

Mji mzima ulimwita Kulekwetu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa seremala wa jiji kubwa, lenye vumbi na baridi kavu. Karakana yake ilipobomolewa ili barabara ipite, akamfuata mkewe hadi mji wa kwao, mji wa joto la kunata, ambako viatu vikikaa kabatini wiki moja huota ukungu na chumvi hugeuka maji mezani. Siku haikupita bila kulalamika. Kule kwetu shati linakauka saa moja. Kule kwetu mtu anajifunika blanketi. Watu walimvumilia mwezi mmoja, wa pili wakampa jina.

Walikaa kwa mama mkwe, kwenye vyumba viwili vya uani. Mwanamume kukaa ukweni si jambo jepesi, na Kulekwetu, pamoja na maringo yake yote, lilimkereketa kuliko alivyoonyesha. Ndiyo maana akaamua kumtengenezea mama mkwe mlango wa bafu la ndani, ambalo mama alilitumia peke yake. Alipiga randa siku tatu, akaufunga ukabana kwenye fremu kama kifuniko cha kopo jipya. Hata wembe haupiti, akawaambia majirani. Mama mkwe akawaita wanawake wa mtaa waje kuuona.

Nyumba ya tatu alikaa fundi mzee aliyeitwa Pengo, kwa sababu kila mlango wake aliuachia nafasi pembeni. Naye alikuja kuutazama. Akapitisha kiganja ukingoni, akasema kwa upole kwamba mbao za huku hunywa unyevu, mvua zikianza zitavimba, kwa hiyo aupunguze kidogo. Kulekwetu akamuuliza mbele za watu kama yeye anauza milango au machujio. Watu wakaangua kicheko, mzee akaenda zake.

Mvua zikaanza. Wiki ya pili, mama mkwe akawa anabeba ndoo na taulo kwenda kuoga kwa mke wa Pengo. Kulekwetu alimwona mara tatu, na badala ya kwenda kuukagua mlango, akanuna. Jioni moja akamwambia mkewe, kwa sauti ambayo makusudi yake yalikuwa kupenya ukuta, kwamba pengine kazi ya mikono yake haina hadhi humu ndani. Mkewe alimsihi apunguze sauti. Hakupunguza.

Kesho yake mkewe alikwenda shuleni kufundisha, yeye akaenda kwenye kazi zake. Saa saba mchana alirudi, mvua ikipiga bati kwa nguvu, akakuta chakula alichoachiwa na mkewe asubuhi kimefunikwa kwenye meza ya sebuleni kwa mama mkwe, kama kawaida. Akala. Akalalamika peke yake kuhusu joto, kuhusu matope, kuhusu mji usiojua kukauka. Akakwangua sahani, akacheua bila haya, kwa kuwa alijua yuko peke yake.

Mvua ilipopungua ndipo akasikia kikohozi. Kilikuwa kidogo, cha mtu anayekizuia. Akageuka, akaona ndala za mama mkwe mbele ya mlango wa bafu, hatua tano tu kutoka mezani.

"Mama?"

Sauti ikatoka, ya upole mno. "Baba, mwenzako amesharudi?"

Akasema bado. Akauliza mama ameingia humo saa ngapi.

"Tangu mlipotoka asubuhi. Usijali, baba. Maliza kula kwanza."

Kulekwetu akauegemea mlango, akasukuma, haukutikisika. Akataka kuupiga bega, na mama akamwomba asiingie, maana ana taulo tu, tena limelowa. Fundi akabaki amesimama. Shoka lilikuwa uani, nguvu alikuwa nazo, na hakuna alichoweza kufanya. Kuvunja asingeweza, kuingia chumbani kwa mkwewe kupekua nguo asingeweza, kuchungulia kwenye tundu la hewa ndiyo kabisa. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini leo mama hakwenda kwa jirani. Maneno yake ya jana yalikuwa yamepenya ukuta vizuri.

Mtu pekee aliyeweza kumkimbilia alikuwa ni yule yule. Alifika mlangoni kwa Pengo akiwa amelowa, akasema hata kabla ya salamu kwamba mama mkwe amekwama bafuni. Mzee hakumuuliza mengi. Alimwita mkewe, akachukua mtaimbo, wakaja. Mke wa Pengo alitoa gauni chumbani, akapanda stuli nje na kulipitisha kwenye tundu la hewa. Mama aliposema yuko tayari, mtaimbo ukajaribiwa, ukakosa hata mwanya wa kuingia.

"Vunja," Pengo akasema, na Kulekwetu akaupasua mlango wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kelele za shoka zilikuwa zimekusanya majirani sebuleni, wale wale walioitwa kuja kuuona. Mama mkwe akatoka, gauni limemganda mwilini, vidole vimekunjamana kwa maji, midomo imekauka. Wakamuuliza kulikoni.

"Nimeingia sasa hivi tu," akasema. "Mlango hauna neno. Ni mimi na uzee wangu, nimeusukuma vibaya."

Wakamwamini, au walijifanya. Pengo alitazama chini. Kulekwetu angeweza kunyamaza, mambo yakaisha.

"Ameingia tangu asubuhi," akasema. "Mlango niliutengeneza vibaya. Huyu mzee alinionya, nikamcheka. Mama akakwepa kuutumia, nikanuna mpaka akaingia. Na nimekula hapo, pale mezani, naye yumo humo ananisikia."

Mama mkwe akamgusa mkono. "Baba, mbona unajiaibisha mbele za watu?"

"Aibu ni yangu, mama. Umenibebea tangu asubuhi."

Alikuwa amejiandaa kuchekwa, na wangemcheka angeshukuru. Hakuna aliyecheka. Majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kumtazama, mama mkwe akaketi mahali pale pale alipokuwa ameketi yeye, na mke wa Pengo akaondoa ile sahani tupu ili ampatie mama chakula. Kulekwetu akapiga magoti kuokota vipande vya mbao, kwa sababu akiwa chini hakulazimika kumwangalia mtu usoni.