Gari la Mgeni

Ninaishi Holili, Tanzania, na ninafundisha Kiswahili Taveta, Kenya. Gari langu nililinunua kule, nikaliandikisha kwa jina la shemeji yangu Mwakio kwa kuwa yeye ni raia wa huko, na kwa miaka mitatu limekuwa likilala uani kwangu Holili kwa kibali cha muda cha magari ya wageni, bila kulipiwa ushuru. Asubuhi ya siku ile Mwakio alinipigia simu. "Shemeji, magari ya namna hiyo yanakamatwa. Ukiulizwa, sema wewe ni mgeni, unatembea tu." Nilifundisha siku nzima. Saa tisa alasiri, kwenye foleni ya mpakani nikirudi nyumbani, usingizi ukanichukua juu ya usukani.

Nikajiona katika nchi ya ukungu, yenye ukuta usio na mwisho na lango moja tu. Bibi Kesho, mnene, mwenye sauti tamu, akaingia garini bila hata kuomba lifti. "Usihangaike, mwanangu," alisema. "Karatasi hazikimbii. Shika njia ya panya." Nikamtii, maana nilishamzoea. Njia ikazidi kubana, miiba ikakwaruza milango, na kila tulipokata kona tuliibukia langoni pale pale. Niliogopa, sifichi.

Langoni alisimama Bi Haki, mkavu, jembe mkononi. Akaniamuru nishuke.

"Gari la nani?"

"Langu."

"Liite."

Nililiita kwa jina langu, halikuwasha hata taa. Nilipotaja la Mwakio, likaunguruma. Kwa aibu nikajitetea kwamba mimi ni mgeni tu.

"Mgeni siku mbili," alisema polepole. Nilijua kinachofuata, kila mwaka nawafundisha watoto methali hiyo. "Siku ya tatu mpe jembe. Wewe una miaka mitatu, mwalimu." Akanishikisha mpini. Nilipogeuka, Bibi Kesho alikuwa ameketi kwenye usukani wangu, anajifunga mkanda.

Kioo kiligongwa, nikazinduka. Alikuwa afisa wa forodha, binti mwenye sare mpya.

"Shikamoo, mama. Gari la mgeni au la mwenyeji?"

"Marahaba." Maneno ya Mwakio yalikuwa ulimini tayari. Lakini niliona wazi kwamba nikiyasema, nitabaki mgeni wa kitu changu mwenyewe hadi kichakae.

"La mwenyeji," nilisema. "Ni langu, ila jina ni la mtu mwingine. Nionyeshe pa kuanzia kulilipia ushuru."

Akanyoosha mkono.

"Zima gari, mama. Nipe funguo."

Nikampa.