Viazi vya Form Two

Mwaka wa elfu mbili, kiangazi kilipokuwa kinamaliza ng'ombe wa Kisaju, mume wangu Munguti alikuwa mwalimu wa muda katika shule moja karibu na Isinya. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Kajiado kumtazama akifundisha biolojia. Akipita, anaandikwa kazi ya kudumu. Akianguka, tunarudi Kitui kufuga kuku na aibu.

Munguti alileta viazi jikoni, akamwambia mama yake, Nzula, aliyekuwa ametutembelea, "Hizi ni za watoto wa Form Two. Nitabeba asubuhi." Mtu mzima na digrii yake, na hakuona haja ya kuongeza neno. Mama naye hakuuliza. Alfajiri alivichemsha vyote, akavifunga kwenye mfuko, kisha akaubeba mwenyewe, akatufuata shuleni amwone mwanawe akifundisha.

Munguti alifungua mfuko mbele ya darasa, mvuke ukaziba miwani yake. Mkaguzi Githongo ameketi nyuma, mimi na mama tuko nje dirishani, mama anatabasamu. Jaribio lake lilihitaji viazi vibichi. Nilitamani ardhi inimeze.

Munguti alijikaza. Alimenya kiazi kimoja, akachimba shimo juu yake, akatia sukari, akakiweka kwenye sahani ya maji. "Hii imechemshwa," akasema, "so utando wa seli zake umekufa." Mimi nikakimbia jikoni mwa shule kuomba kibichi, nacho akakifanyia vivyo hivyo.

Kipindi kikiisha, shimo la kibichi lilikuwa limejaa maji, na hakuna aliyeyavuta wala kuyasukuma. Kwenye kile kingine, sukari ilikuwa imelowa tu.

"Maji inaenda kwenye sukari iko mingi," Munguti akaeleza, "lakini sukari haiwezi toroka, utando unaizuia. Ukichemsha, milango yote inabaki wazi, so hakuna kitu inapanda."

Githongo alifurahi hadi akasimama. "Hii ya kulinganisha ni kali. Nani alifikiria kuchemsha?"

Nilimwomba Mungu mume wangu ajisifu tu, mara moja maishani.

"Ni mama yangu," akasema.

Githongo akageukia dirisha. "Mama, ulichemsha kwa nini?"

"Si ni za watoto?" mama akajibu. "Kwani leo wamekula nini?"

Darasa zima lilikuwa linatazama mfuko. Githongo aliandika kwamba mwalimu amepita, akatia kalamu mfukoni, akaanza kugawa viazi. Havikutosha.