Siku Kompyuta Yangu Iliponyamaza

Pale mahakamani wananiita Mzee Usiguse, nami silikatai jina. Mimi ni mpiga chapa. Sioni tangu nikiwa na miaka tisa, na bado nimechapa hukumu nyingi kuliko mwenye macho yeyote katika jengo lile. Ninachotegemea ni programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Sauti yenyewe ni ya kike, kavu, haina simile, nami naiita Shemeji. Nikikosea herufi moja, ananiumbua hapo hapo.

Ijumaa ile, kwenye benchi nje ya mlango wangu, alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima. Mwanawe alikuwa mahabusu mwaka na miezi mitatu kwa wizi ambao hakuufanya. Hakimu alikuwa amemwona hana hatia, akaniachia kwenye kinasa sauti hukumu na hati ya kumfungua ili nizichape. Saa sita mchana angetia sahihi, kisha asafiri kwenda kumwoza binti yake hadi Jumatatu. Bila sahihi ile gereza halimwachii mtu.

"Nimemletea shati, baba," mama aliniambia. "Asije akarudi nyumbani na lile la gerezani."

"Saa sita utakuwa na karatasi mkononi, mama. Hilo niachie mimi."

Nikawasha kompyuta, nikaandika nywila yangu. Shemeji kimya.

"Mzee, usishtuke," karani wa masjala alisema kutoka mlangoni. "Jana jioni wametuwekea toleo jipya la programu kwenye kompyuta zote. Limebadilisha kila kitu, lina sura nzuri hilo!"

"Sura? Kwani nalioa?"

Akacheka. "Basi nikuangalizie kidogo?"

"Kaangalie mafaili yako."

Akaenda zake. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemliza mbele ya watu kwa sababu alisogeza kiti changu tu, kwa hiyo hakubembeleza.

Nikajiambia vidole vyangu vinajua njia. Nikabonyeza vitufe vya kufungua ukurasa, vile vile kama siku zote, nikaweka kinasa sauti sikioni, nikaanza. Kurasa sita. Kila sentensi niliyomaliza nilisubiri Shemeji anijibu, na kila mara nilijibiwa na feni ya kompyuta. Jasho likanitoka mgongoni. Mara tatu nilinyanyuka nimwite karani, mara tatu nikakaa. Ningemwambia nini? Kwamba Mzee Usiguse ameshindwa na kompyuta? Nilikwama pale kitini, mlango uko wazi hatua nne kutoka nilipo.

Saa sita kasorobo nikabonyeza vitufe vya kuchapisha. Printa haikuguna. Nikabonyeza tena. Nikapapasa nyaya, nikapanga karatasi upya, nikaizima printa na kuiwasha. Karani akabisha hodi.

"Mzee, hakimu anauliza karatasi."

"Nakuja!"

Akabisha tena. "Mzee, gari linamngoja."

"Nimesema nakuja, husikii?"

Mara ya tatu hakubisha. Aliingia moja kwa moja, akasimama nyuma yangu.

"Ameondoka," akasema. "Amekusubiri dakika kumi." Kisha akainama karibu na skrini. "Mzee, ulikuwa unaandika wapi?"

"Nisomee."

"Mzee…"

"Nisomee, nimesema!"

"'Karibu kwenye toleo jipya. Kabla ya kuanza, chagua rangi unayoipenda.'" Akainuka. "Basi. Hakuna kingine."

Nikatoka nje. Niliapa moyoni kwamba nitasema ukweli: kwamba niliulizwa asubuhi kama nataka msaada, na dakika mbili tu za macho ya mtu zingetosha.

"Tayari, baba?"

"Mashine imekataa, mama," nikasema. "Mpaka Jumatatu."

Nikamsikia akilikunja lile shati. Kisha akanishika mkono, mimi ambaye sishikwi na mtu.

"Pole, baba. Huoni, na bado wanakupa mashine za kukutesa. Watu hawana huruma kabisa."

Karani alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila neno. Nikasema, "Asante, mama," nikamwacha anishike.