Laptopu ya Judith Iliyofaulu

Jumatatu asubuhi Mwalimu Filomena alivunja chaki moja vipande vitatu, akatia kimoja mfukoni mwa sweta, viwili akavifunga kwenye karatasi vimfikishe Ijumaa. Ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani. Darasa la saba lilikuwa na madawati kumi na moja, na juu ya kila dawati laptopu nne, maana wiki iliyopita kila mtoto alipewa ya kwake.

Siku ya makabidhiano alisimama mbele ya wageni akasema wazi, "Tuleteeni vitabu na mlango wa choo cha wasichana. Hivi vitu hatuvitaki."

Bwana wa mradi wa laptopu akacheka. "Mwalimu, usitucheleweshe."

Wajomba wakatia sahihi. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni mjomba.

Sasa Mwalimu Filomena akafungua daftari la mahudhurio.

"Judith Jastin."

"Nipo, mwalimu."

Sauti ilikuwa ya Judith, pamoja na kile kikohozi chake cha asubuhi. Mahali pake palikuwa na laptopu tu, imefunguliwa.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anachuma njegere kwa mjomba Andrea," laptopu ikajibu kwa adabu.

Kufika Alhamisi, watoto waliokuja walikuwa sita. Sauti zilizoitika zilikuwa arobaini na nne. Umeme shuleni hakuna, na laptopu hazikuuhitaji. Wale sita walizifuta vumbi kila asubuhi.

Jioni Mwalimu alipanda hadi shambani kwa Andrea. Judith ndiye peke yake aliyesoma bila kufuata mstari kwa kidole. Alikuwa anakwama kwenye hesabu za sehemu tu, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili.

"Andrea, mrudishe mtoto darasani."

"Kwani hayupo? Leo umemwita, hakuitika?"

"Imeitika laptopu."

"Sasa mwalimu, wewe unataka mtoto au unataka wa kuitika? Miaka yote kelele za utoro. Utoro umekwisha, bado umenuna!"

Judith akaja na kikapu kichwani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwenye sehemu mmefika wapi?"

"Kugawanya."

"Ile ya kugeuza ya pili juu chini, halafu unazidisha?"

"Hiyo hiyo. Lakini kwanza..."

"Judith!" mjomba akaita. "Gari la sokoni Mwembesongo halikungoji wewe."

Kila siku Mwalimu Filomena aliandika sifuri mbele ya jina la Judith, na kila siku mwalimu mkuu, Mwalimu Hatibu, aliigeuza kuwa tiki. "Aliyeitika yupo," alisema, bila hasira. Wageni wa mradi walirudi, wakapiga picha, wakasifu mahudhurio.

Siku ya mtihani laptopu ziliketi mbali mbali, kama inavyotakiwa. Msimamizi aliikataza moja kupiga chabo, akaendelea kutembea.

Laptopu ya Judith ikafaulu. Ikachaguliwa kwenda bweni, shule ya wasichana huko mjini. Januari Andrea akaishoneshea sare, akaifunga kwa kanga mgongoni mwake ili isipigwe na baridi. Judith akabeba godoro kichwani, ndoo mkono mmoja, jembe na fagio mkono wa pili, kama fomu ilivyoagiza. Wakateremka.

Alasiri walirudi wawili, laptopu imebaki bweni. Andrea alipitiliza. Judith, mfuko wa mbegu za njegere begani, akasimama dirishani kwa Mwalimu Filomena, aliyekuwa akisahihisha madaftari sita.

"Shikamoo, mwalimu. Eti nimefaulu?"

"Marahaba. Umefaulu."

"Sehemu zilikuwemo?"

"Zilikuwemo. Maswali matatu."

"Nikazipata?"

"Ukazipata zote."

Judith akahamishia mfuko bega la pili, akamfuata mjomba wake juu, maana mvua ilikuwa karibu na mbegu zilitakiwa ardhini kesho.